Uzi Ambao Hukuzaliwa Nao

Tarehe 3 Machi

…na ndiyo maana nimelifumua lile pazia lote, Ngazi wangu, nikaanza upya. Wewe ulisema kitambaa cha kijani kitakifanya chumba chetu kionekane kama kiko chini ya maji, nami nikakucheka. Lakini nilipolitundika asubuhi jua likapita ndani yake na, kweli tupu, kitanda kikaelea! Tatizo ni kwamba pazia lilikuwa fupi, maji yakaishia magotini. Sasa nimelirefusha mpaka sakafuni. Mama yako alipita mlangoni akanikuta nimekaa kitandani, miguu nimeikunja juu, natabasamu peke yangu. Akauliza, "Mwanangu, unaogopa kulowa?"

Wiki sita za ndoa na tayari nimekuwa chizi. Na kati ya hizo sita, nne umekaa huko ukiandika majina kwenye milango ya shule ya watu! Uliniambia wiki tatu. Ninahesabu, usidhani sihesabu.

Halafu mwandiko wako una nini? Barua mbili sasa zimelala upande kama nguo kwenye kamba siku ya upepo. Ile "a" yako yenye mkia, ile ninayoipenda kuliko herufi zote, imekuwa kama kiluwiluwi. Unasema umewekeana dau na mchora picha wa huko kwamba utaandika mwezi mzima kwa mkono wa kushoto. Haya. Wanaume mkiachwa peke yenu hamkosi la kufanya.

Mimi lakini nimeumia kidogo, nikwambie ukweli. Unakumbuka siku ile? Mimi dirishani pale juu kiwandani, nashona kola za sare, wewe huko chini, umepanda ngazi, unaandika jina la kiwanda ukutani. Kifungo kikaniponyoka, kikatumbukia kwenye kopo lako la rangi nyekundu. Kesho yake kikarudi ndani ya bahasha, kimeoshwa, na barua. Saa nzima sikusoma maneno, Ngazi. Niliyatazama tu. Niliupenda mwandiko kabla sijajua mwenyewe ana pua ya namna gani! Na ndipo tukakubaliana: simu ni ya dharura, mapenzi ni ya barua.

Kwa hiyo shinda hilo dau upesi, unirudishie mkono wangu.

Wako anayeelea,
Kifungo


Tarehe 7 Machi

Kifungo changu,

Pazia hilo nimeliota. Nilikuwa nimelala chini yake na wewe unapita juu yangu kama samaki, una sindano mdomoni. Nilipoamka ilikuwa asubuhi na mapazia ya hapa ni meupe.

Ninakolala ni chumba kirefu chenye madirisha marefu na vitanda kumi na viwili. Tumewekwa pamoja watu wa kazi mbalimbali. Kuna dereva wa trekta, kuna mpishi wa shule ambaye hadithi zake zote zinaishia kwenye sufuria. Asubuhi hupita mwanamke mwenye viatu visivyolia, anafungua mapazia moja moja, na mwanga unaingia taratibu kama mtu anayeomba radhi. Sina haraka ya kutoka hapa. Uongo huo, ninayo.

Sasa nina mchezo kwa ajili yako. Nimekutana na mtu mmoja anayejua sana habari za mikono. Fanya hivi. Kiganja kitazame juu. Ncha ya kidole gumba iguse ncha ya kidole cha mwisho. Halafu ukunje mkono pale kwenye kifundo, kidogo tu, kiganja kije upande wako. Unaona kamba inayosimama chini ya ngozi, katikati ya kifundo, kama uzi uliovutwa? Hiyo ni kano ya msuli mmoja mwembamba. Anasema wapo watu wanaozaliwa bila huo msuli, wengine mkono mmoja, wengine yote miwili, wanaishi mpaka wanazeeka bila kujua. Anasema inategemea na watu wa mahali: kwingine ni wachache kabisa katika mia, kwingine unaweza kumpata mmoja katika kila watu wanne au watano.

Nihesabie, mke wangu. Huko kiwandani mko wengi. Wangapi wanao, wangapi hawana? Nataka sana kujua, usiniulize kwa nini. Na wewe je, unao?

Mama usimsumbue na mambo haya.

Wako wa kushoto,
Ngazi


Tarehe 11 Machi

Ngazi wangu, mpenzi, mtu wa maswali ya ajabu!

Ninao! Ninao mikono yote miwili! Nilisoma barua yako nimesimama kwenye lango la kiwanda, nikaweka mkoba chini, nikakunja mkono hapo hapo, na kamba ikasimama kama imeitwa jina. Nikaibusu. Ndiyo, langoni, mbele ya mlinzi. Akasema, "Ndoa changa ina mambo."

Saa ya mapumziko ya kwanza nikaanza na meza yetu. Kufika saa ya chakula habari imeshaenea chumba kizima, watu hawali, wamekunja mikono wanaonyeshana. Ungeona! Cherehani zimezimwa, mvuke wa pasi umetanda kwenye dari, jua linaingia ndani yake, na wanawake arobaini na kitu wameinua mikono kwenye mwanga huo kama wanangoja kitu kidondoke. Nilidhani naota. Nikapita na chaki yangu, aliye nayo namchora mstari mdogo begani, asiye nayo namchora duara.

Hesabu yako hii hapa. Nimekagua watu arobaini na watano. Wenye kamba mikono yote miwili, arobaini na mmoja. Wawili hawana kushoto. Mmoja hana kulia. Na mmoja tu hana kabisa, yote miwili, na huyo ni nani? Mpiga Pasi! Yule mwenye mabega kama kabati, anayeinua pasi ya mvuke kutwa nzima kama kijiko. Walikuwa wameshaanza kusema wasio na kamba ndio wavivu, maana mmoja wa wale wawili huwa anasinzia kwenye vifungo. Mpiga Pasi akasema, "Nani mvivu? Njoo hapa tushikane mikono." Hakuna aliyekwenda.

Msimamizi akaja kufoka. "Hii ni kazi au kliniki?" Nikamwambia, mama, nipe mkono. Akanipa, huku anafoka! Anazo zote. Akaondoka anajitazama kifundo.

Amebaki mtu mmoja tu, Dada Mkasi, fundi wetu wa kukata vitambaa. Yuko likizo, nitampata Jumatatu.

Sasa usinikasirikie. Mama nilimsumbua. Alikuwa anachambua mchele, nikamwambia nipe mkono mama, akanipa wa kulia, sikuona kitu. Nikaomba wa kushoto. Hakuna kitu! Laini, kama maji yaliyotulia. Nikapiga kelele ya furaha, nikamweleza kwamba ni wewe unayetaka kujua. Yeye hakucheka. Akaniomba barua yako aione. Hakuisoma, aliitazama tu kwa mbali kama mtu anayetazama picha, akairudisha, akaendelea kuchambua mchele. Mchele ambao ulikuwa umeshakwisha mawe.

Labda amechoka. Je, wewe unayo? Hukusema! Ninajaribu kukumbuka kifundo chako na ninakumbuka saa tu, na rangi nyekundu kwenye kucha. Ukirudi nitakikagua kwa chaki.

Nina wazo kuhusu sababu yako. Unataka kunichora mkono, si ndiyo? Juu ya mlango wetu, pale ulipoahidi kuandika majina yetu. Nimeota hilo. Usiseme chochote, niache niendelee kuota.

Wako mwenye kamba mbili,
Kifungo


Tarehe 16 Machi

Mume wangu,

Leo nimemhesabu Dada Mkasi.

Alikuwa amesimama kwenye meza yake ndefu, ametandaza kitambaa cha bluu tabaka ishirini. Nikamwambia, dada, gusisha gumba na kidole cha mwisho, kunja mkono. Nilikuwa nacheka. Yeye hakucheka. Akapandisha mkono wa blauzi, akanionyesha makovu mawili madogo, moja kwenye kifundo na moja juu karibu na kiwiko, madogo kama matundu ya vifungo.

"Huku nilikuwa nayo," akasema. "Waliitoa. Wakanishonea kidole, mwaka ule mkasi uliponikata."

Halafu akaweka mkasi mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, nani kaumia?"

Nikasema hakuna aliyeumia, ni mchezo wa mume wangu.

Akasema, "Huo si mchezo. Mimi nimeishi miaka hamsini na hakuna mtu aliyewahi kuniambia nikunje mkono hivyo, ila daktari, siku aliyokuwa anatafuta uzi wa kunishonea. Wanachukua huo kwa sababu hauna kazi kubwa. Ni uzi wa akiba. Anayeulizia anautaka."

Nilishuka ngazi za kiwanda nikiyarudia maneno ya barua zako. Vitanda kumi na viwili. Mwanamke mwenye viatu visivyolia. Mkono wa kushoto. Nilikuwa nasoma barua zako usiku na kuzilalia, Ngazi, na macho yangu yalikuwa yamejaa mapenzi mpaka yakaacha kusoma! Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yako imekuwa ndefu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakutandikia zulia.

Nimelia chooni na Mpiga Pasi amenigongea mlango mpaka nikafungua.

Sasa nisikilize. Kama huna uzi, mimi ninazo mbili. Chukua wangu. Chukua wa kulia, ndio mrefu. Mwambie daktari niko tayari hata kesho. Na kama wangu haufai, nimeandika orodha: wapo kumi na saba hapa waliosema nao watoe, Msimamizi ni wa tatu kwenye orodha na alijiandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Mlinzi wa langoni naye. "Kidole kimoja hakivunji chawa," ndivyo alivyosema, sijui alimaanisha nini hasa lakini aliweka sahihi.

Nijibu kwa mkono wowote ule. Usinifiche tena. Mimi ni mkeo, si mgeni wa kufagiliwa uwanja.

Kifungo


Tarehe 19 Machi

Mke wangu,

Ni kweli. Ulikuwa mlango wa darasa wenye kioo. Nilikuwa namalizia herufi ya mwisho, upepo ukaubamiza, kioo kikanishukia mkononi. Ilikuwa tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita. Kwenye zahanati ya karibu wakanishona ngozi, kidonda kikapona vizuri, nikasema hakuna haja ya kukutia hofu. Lakini kidole gumba cha kulia hakikunjiki. Kinasimama tu kama kigingi. Nikishika brashi inaanguka. Nilipofika hospitali hii kubwa daktari akanieleza kuwa kano ya gumba ilikatika ndani na ncha zake zimeshakimbiana, hazifikiani tena. Inatakiwa kuunganishwa kwa kipande cha kano nyingine.

Akanishika kifundo cha kulia, akanifanyisha ule mchezo. Akashika cha kushoto. Akasema, "Ah. Wewe ni mmoja wao."

Kifungo, nilijisikia kama mtu aliyefungua kabati la nyumbani kwao akakuta halina ukuta wa nyuma. Miaka thelathini na moja nimeishi na mikono hii, imenilisha, imekupata wewe, na hakuna aliyeniambia kuna kitu kilisahauliwa humo. Ndiyo maana nikakuomba uhesabu. Sikutafuta uzi. Nilitaka tu kusikia kutoka kwako kwamba sisi tusio nao tupo, na kwamba mnatucheka, na kwamba tunainua pasi. Hiyo habari ya Mpiga Pasi nimeisoma mara tisa. Nimewasomea wodi nzima. Dereva wa trekta anauliza kama ameolewa.

Orodha yako nilimpa daktari. Hakucheka. Aliisoma yote mpaka jina la mlinzi, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa koti lake. Anasema asante, lakini haiwezekani, mwili wangu utauona uzi wa mtu mwingine kuwa ni mgeni na kuukataa, na hakuna daktari atakayemkata mtu wa pili kwa ajili ya kidole wakati miguu yangu ipo. Kuna kano nyembamba kama ile nyuma ya mguu, ndani ya shavu la mguu. Nayo pia watu wengine huzaliwa bila. Akiikosa, atachukua ya vidole vya mguu. Kesho asubuhi ndiyo siku.

Sasa neno langu la mwisho, nalo naomba ulishike. Usije. Uliupenda mwandiko kabla ya pua yangu, ulisema mwenyewe, na ulisema kweli. Umeolewa na mkono ambao sijui kama utarudi. Daktari hana ahadi. Nitakuja mimi, siku nitakayoweza kuandika ile "a" na mkia wake. Ikichukua miezi, niache. Isiporudi, sijui. Kaa kwenye chumba chetu chenye maji, sitaki unione nikiangusha kijiko.

Ngazi


Tarehe 21 Machi

Kifungo,

Imekwisha. Mguu wa kushoto ulikuwa nayo. Daktari anasema ilikuwa ndefu na safi, "kama ilikuwa inangoja kuitwa." Mkono umefungwa mpaka kiwiko, mguu nao umefungwa. Wiki kadhaa za kungoja, kisha mazoezi, ndipo tutajua. Nimelala sana. Katika usingizi kila kitu ni kijani.

Usije bado.

N.


Tarehe 24 Machi

Ngazi wangu, mume wangu, mpumbavu wangu mmoja tu,

Barua zako mbili zimefika pamoja leo mchana. Nimezisoma kwenye kitanda chetu, jua limepita kwenye pazia, na herufi zako zilizolala upande zilikuwa zinaogelea. Nimeelewa kitu. Zile barua zako za zamani, nzuri kama mialiko, nilizitazama saa nzima kabla ya kuzisoma. Hizi za mkono wa kushoto nilizisoma kwanza. Kila neno nililikimbilia, nikijikwaa, maana sikuwa na mapambo ya kusimama na kushangaa. Ulikuwa wewe tu. Unadhani niliolewa na "a" yenye mkia? Mkia hauniamshi kwa utani asubuhi! Mkia haumwiti mama yangu "bibi harusi" mpaka anasahau kukasirika!

Nilikwenda jikoni kumwambia mama yako, nimejiandaa kwa maneno laini, nimejipanga. Alikuwa amekaa. Mkoba wake wa safari uko miguuni, umefungwa.

"Mkono wake unaendeleaje?" akaniuliza.

Nikasema, mama, ulijua?

Ngazi, alijua tangu siku ile ya mchele! Aliitambua barua kwa kuitazama. Anasema ulipokuwa mdogo uliandika kwa kushoto, herufi zimelala hivyo hivyo, mpaka mwalimu akakugeuza. Na ulipovunjika mkono ukiwa na miaka saba ukarudi kushoto mwezi mzima. "Huyu hawezi dau," akasema. "Huyu akiandika kwa kushoto, kulia kunamuuma." Nikamuuliza mbona hukuniambia? Akasema, "Ulikuwa unaelea, mwanangu. Nikasema nimwache aelee siku mbili tatu. Nami nilitumaini nimekosea."

Kwa hiyo wewe ulinificha mimi, mama akanificha mimi, na mimi nilikuwa nimejificha ndani ya pazia. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini sisi tulikuwa watatu tunafichana kidole kimoja.

Nikamsomea barua zako zote mbili. Kisha akakunjua mkono wake, huo laini, akautazama. Akasema nikuandikie maneno haya na nisiongeze langu: "Mwambie hakuna kilichosahauliwa. Alivyo ndivyo nilivyo. Mikono hii isiyo na huo uzi ndiyo iliyompokea, ikambeba, ikamfulia, na ikamchapa alipostahili. Asinitukanie mikono."

Nimeandika kama alivyosema. Sikuongeza.

Kiwandani wanakusalimu. Dada Mkasi anasema gumba lake lilianza kukunjika wiki ya saba, na siku ya kwanza alishika uzi ukamponyoka mara arobaini. Leo anakata tabaka ishirini. Haisemi kitu kuhusu lako, najua, nakuambia tu. Mpiga Pasi hajaolewa. Anauliza trekta ni la rangi gani.

Na juu ya mlango wetu nimeanza kuandika majina mwenyewe. Nilipanda kwenye ngazi yako, nikachukua kopo lako la rangi nyekundu. Herufi ya kwanza imekuwa kama mtu aliyekalia kiti kilichovunjika. Nikaacha hapo. Zilizobaki ni zako, kwa mkono wowote, na zisipofanana na yangu nitalia. Mwanga ukipita asubuhi ile herufi moja inaonekana kama inasubiri wenzake.

Mistari hii sasa ninaiandika kwa mkono wa kushoto. Ona! Imelala upande kama yako. Nimetoa ulimi nje na mama ananicheka. Nataka mwandiko wetu ufanane mpaka mmoja wetu apone.

Angusha kijiko, mume wangu. Nitakuwepo kukiokota, na ukiangusha tena nitaokota tena, na nitakulisha mimi hicho chakula kama unaona haya. Umesema nisije. Nimesikia. Msimamizi ameshanipa siku nne, tiketi mbili ziko chini ya mto. Jumamosi, mwezi huu haujaisha, yule mwanamke mwenye viatu visivyolia akifungua mapazia yenu meupe, tazama mlangoni: mama na mkoba wake, na mimi nyuma yake nina chaki mkononi, ninakuja kukukagua kifundo.

Wako,
Kifungo